Walioilinda Sauti Yako

Kabula,

Wangaluka, ingawa najua huitikii.

Barua hii ilipaswa kuwa kaseti. Wewe hukupenda makaratasi. Ulisema karatasi haina pumzi, msomaji hawezi kujua kama mwandishi alikuwa amekasirika au ana njaa tu. Na kweli kule machimboni Kaa Chonjo nani aliandika barua? Mchimbaji wa Kishapu alikaa kwenye benchi langu, akazungumza na mashine, kaseti ikapanda basi, na mama yake akamjibu huku anapepeta mtama kama vile mwana yuko jikoni. Hata wewe ningekurekodia. Lakini tangu jana siwezi kukitazama kile kitufe chekundu cha kurekodia. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Jana wameirudisha kaseti yako.

Nitafika hapo. Naanzia nyuma, kwenye mambo unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu barua hii nitamwachia Nyanzobe. Mwanao alikuwa bado anabebwa mgongoni wakati haya yanatokea, na siku moja atauliza. Sitaki ajibiwe na mwingine.

Ulikuwa unatwanga mawe, wewe na wanawake wenzako, kwenye vile vinu vya chuma nyuma ya kibanda changu. Mawe yanatoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wanaume wanayapandisha kwa kamba, ninyi mnayafanya unga ili dhahabu ioshwe. Vumbi lile. Mlikuwa weupe mpaka kope. Na katika vumbi lile wewe uliimba, na michi yote ilishuka pamoja kwa sababu yako. Mimi nilikuwa na mashine ya kaseti mbili na kazi ya kunakili: nyimbo za dansi, kwaya, hadithi, chochote. Siku ya kwanza nilipokuweka mbele ya kile kinasa sauti uliimba hadi mwisho, kisha ukasogeza mdomo ukaiuliza mashine, siyo mimi, "Imeingia?" Nilicheka nikakwambia imeingia. Hukuniamini mpaka niliporudisha nyuma ukajisikia.

Baada ya hapo kila wimbo ulimaliza hivyo. "Imeingia, Mama Shija?" Nilikuwa naikata sehemu ile ninaponakili za kuuza. Kwenye kaseti mama niliiacha, ile ya kwanza ambayo zote zinazaliwa kwake.

Halafu ukatunga wimbo wa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa machimbo tulimchagua sisi wenyewe, kwa kunyoosha mikono, tena kwa vigelegele. Akaenda mjini kututetea. Akarudi na koti jipya na maneno laini, akasema tulieni, hakuna mtu atakayetuondoa. Kumbe alishakubali kwa niaba yetu kwamba eneo lote liwekewe uzio, apewe mwekezaji. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulijua kabla ya wengi, kwa sababu shemeji yako ndiye aliyekata nguzo za uzio huo. Ukaimba: Mwenyekiti, kiti ni chetu, miguu ya kiti umeiuza, sasa utakalia nini? Kwa Kisukuma inauma zaidi, na watu walikuwa wanairudia mpaka kwenye foleni ya maji. Uliniambia, "Nakili mpaka mashine itoke moshi." Nikanakili. Kaseti zikaenda Masumbwe, zikaenda Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, makondakta wakazipiga kwenye mabasi.

Mwenyekiti angefanya nini? Kukanusha hakuweza. Kukushtaki kwa uongo hakuthubutu, maana angeulizwa ukweli ni upi. Ndipo wakapatikana wale mabwana wawili kutoka mjini, wenye mkoba, na sheria mpya kwa masikio yetu: sheria ya kumlinda msanii.

Hapo Nyanzobe atacheka, na acheke, kwa sababu hata sisi tulicheka. Walibandika tangazo kwenye mti wa soko: VITA DHIDI YA MAHARAMIA WA KANDA, WANANCHI TOENI USHIRIKIANO. Wao kanda ni kaseti. Lakini hapa kwetu ukisema kanda, mtu anajua Kanda ya Ziwa, hii tunayoishi. Mzee Nkwabi, mkuu wa sungusungu, alisomewa tangazo lile akaelewa kwamba majambazi wa kanda nzima wameonekana Kaa Chonjo. Akapiga filimbi. Asubuhi tulikuta sungusungu wamejaa sokoni na pinde na mishale, wengine wametembea kutoka vijiji vya mbali, wamefunga michembe, viazi vilivyokaushwa, kwenye vitambaa kwa ajili ya kukaa porini. Wale mabwana waliposhuka garini waliona jeshi linawasubiri. Walifurahi wasijue.

Mzee Nkwabi akawaamkia kwa heshima, akauliza majambazi wameelekea wapi. Bwana mwenye mkoba akanyoosha kidole kwenye kibanda changu. Mzee akageuka. Akanitazama nimeshika kaseti na kalamu ya kurudishia utepe. Akasema neno ambalo watu walilitania mwaka mzima: "Huyu? Huyu ndiye anayenirekodia salamu za mwanangu." Kisha akaketi chini mbele ya mlango wangu, na sungusungu wote wakaketi, wakafungua michembe yao wakaanza kula. Mabwana wakaondoka. Wewe uliniegemea ukicheka hadi ukashika mbavu. Nakumbuka uliniambia, "Mama Shija, leo umekuwa haramia wa Kanda ya Ziwa yote."

Tulidhani yameisha. Wangekuwa wamekuja kwa ajili ya uharamia yangeisha, maana vibanda vitatu vya jirani vilinakili dansi ya wanamuziki wakubwa mchana kweupe na hakuna aliyeviuliza. Walitaka wimbo mmoja tu.

Walirudi na askari wenye bunduki, wakaitisha mkutano wa hadhara. Mwenyekiti kakaa pembeni, anakuna kidevu. Bwana akasoma: mimi ni mshtakiwa, nimeiba kazi ya msanii. Mlalamikaji ni Kabula binti Maduhu. Watu wakageuka kukutazama. Ukasimama na Nyanzobe mgongoni, unga wa mawe bado kichwani, ukasema hujalalamika. Ukasema ruhusa umetoa mwenyewe na utaitoa tena. Najua maneno aliyokujibu kwa sababu huwa yanarudi nikiwa naosha vyombo: "Dada, hata usipolalamika, sisi tunalalamika kwa niaba yako."

Mkutano ulilipuka. Wanawake wa vinuni walipiga kelele kwamba mwenye wimbo karuhusu, ninyi ni nani? Mzee Nkwabi akauliza, mtu anaibiwaje kitu alichogawa kwa mkono wake? Bwana hakutetereka. Akakuuliza una uthibitisho gani kwamba wimbo ni wako. Ukasema ngoja niuimbe. Akasema kuimba hadharani kunahitaji kibali. Mimi nimeona mambo, nimefiwa na mume, nimehamishwa machimbo mawili, lakini sijaona mtu anafungwa mdomo kwa kamba iliyoandikwa jina lake mwenyewe kama siku ile.

Usiku ule nikalala mahabusu. Wakabeba mashine yangu. Wakabeba kaseti zote, na kaseti mama kwanza. Kielelezo, wakasema, kitatunzwa kwa faida ya msanii. Na wakatangaza kwamba yeyote atakayekutwa na nakala atahesabiwa haramia.

Sitawalaumu watu, Kabula, lakini nawakasirikia. Wengine walirekodi kwaya juu yako siku hiyohiyo. Wengine walikufukia kwenye mashimo ya taka, wakiapa watakufukua mambo yakitulia. Kaseti iliyofukiwa haiimbi. Nimeletewa kadhaa tangu hapo, utepe umeshikamana kama ugali wa juzi. Wenzangu wenye mashine hawakutaka hata niketi kwenye mabenchi yao, achilia mbali kukurekodi upya.

Lakini niandike na hili, Nyanzobe ajue. Siku ya mnada wa ng'ombe wanawake hawakutwanga. Waliweka michi chini, vinu vikakaa kimya, wakaenda kusimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti wakiwa wamefunga midomo kwa khanga. Hawakuimba, maana kuimba kunahitaji kibali. Walipiga makofi tu, mapigo ya wimbo wako, hadi jua lilipopinda. Kila mtu kwenye mnada alijua maneno yapo wapi. Hata wauza ng'ombe walikuwa wanagonga fimbo. Mwenyekiti alitoka akasema nyamazeni, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Wewe ulikuwa mbele. Homa ilikuwa imeshakuanza, ulikuwa unatetemeka, ukanidanganya kwamba ni hasira.

Ulizaliwa mvua inanyesha, ndiyo maana ukaitwa Kabula, na ukaondoka mvua inanyesha, barabara ya Kahama kwenda hospitali imekatika, tumekubeba kwenye baiskeli hadi pale gari liliposhindwa kupita. Nilikuwa nimekushika kichwa. Hili siliandiki zaidi.

Msibani watu walitaka kukusikia. Ni desturi ya wapi kumzika mwimbaji kimya? Mzee Nkwabi alitembea mpaka kwa wale mabwana kuomba kaseti iazimwe kwa siku moja tu, irudishwe. Wakamwambia kielelezo hakitoki. Tukakuzika tukiimba wenyewe, vibaya, kila mtu na ufunguo wake, wengine wakisahau ubeti wa kati. Mwenyekiti alituma kilo za sukari. Nilimwagia siafu.

Sasa habari za baada yako. Uzio umekamilika. Kaa Chonjo imekuwa jina tu. Maduara yamefungwa, vinu vimeuzwa chuma chakavu. Wenzako wametawanyika, mmoja yuko Geita, wengine wamerudi kulima pamba. Mwenyekiti ana nyumba ya bati mjini na hakuna anayemwimba. Mimi niko Masumbwe, nina mashine ndogo ya mkopo, nanakili kwaya. Nyanzobe yupo kwangu. Ameota meno ya mbele kama yako, yana mwanya, na hataki uji usio na karanga. Anajua una kaburi. Hajui una sauti. Akisikia mwanamke anaimba redioni huniuliza, "Ni mama?" Kila mara nasema hapana. Kwa ajili ya hilo nimekwenda kwenye ofisi yao kila nilipopata nauli, nikisimama kwenye korido kuomba kaseti moja.

Jana wakaniita. Kijana wa mezani akafungua faili akasoma kwa upole kabisa: mlalamikaji amefariki, shauri limefungwa, vielelezo virudishwe. Yaani mlalamikaji ni wewe. Umeacha kulalamika kwa sababu umekufa. Nikaweka kidole gumba walipotaka, nikaondoka mbio nisije nikasema neno.

Unajua kawaida yangu. Kaseti mama zote nilivunja yale meno mawili ya nyuma ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Nilipoitoa kwenye bahasha nikaona tundu limezibwa kwa karatasi iliyokunjwa, kama tulivyofanya sisi tunapotaka kaseti ya zamani irekodi tena. Nikajua. Nilijua kabla sijaiweka, lakini Nyanzobe alikuwa ameshakaa kwenye benchi amekunja mikono, nimemwambia leo utamsikia mama. Nikabonyeza.

Dansi, Kabula. Dansi iliyonaswa kutoka redioni, na mtangazaji anasalimia wasikilizaji wa mikoani. Mtu kwenye ile stoo alikosa kaseti tupu. Walinilaza mahabusu kwa kunakili wimbo wa mwenye ruhusa, kisha wao wakanakili nyimbo za watu juu ya wako. Mkuki kwa nguruwe. Upande wa kwanza wote dansi. Nikageuza. Upande wa pili dansi, dansi, na mtoto anauliza, "Ni mama?" na mimi nasema subiri, nikisubiri mwenyewe sijui nini.

Karibu na mwisho mtangazaji akakatika katikati ya neno. Mwizi alichoka, au chakula kilikuwa tayari. Kukawa na mkwaruzo, kikasikika kinu kimoja kwa mbali, kisha ukasogeza mdomo ukasema, karibu sana, kama uko kwenye benchi:

"Imeingia, Mama Shija?"

Utepe ukaisha.

Nyanzobe hakuniuliza ni nani. Alishuka kwenye benchi akatazama nyuma ya mashine.

Leo nimeirudia kwake mpaka betri zikalegea. Nimeichomoa ile karatasi tunduni, nimeitupa jikoni. Nikimaliza barua hii nitabonyeza kitufe chekundu, nitawatafuta wanawake wa vinuni popote walipo, Geita, Ushetu, mashambani, kila mmoja anipe ubeti alioubakiza, na nitaunakili bila kibali cha mtu aliye hai. Haitakuwa sauti yako. Sauti yako ni yale maneno matatu tu, na nitayaweka mwishoni mwa kila nakala. Siyakati tena.

Lala, rafiki yangu. Mwanao yuko macho bado, ameinamia mashine anakujibu. Anakwambia imeingia.

Mama Shija