Sikuutazama Mgongo wa Kondo

Buguruni, Jumapili, tarehe 14 Machi 1937. Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani Unyamwezi. Mvua imeanza alfajiri, ndogondogo, haina nguvu wala haikatiki. Chumba changu kinavuja upande wa mlango, nimesogeza mkeka ukutani na kuweka daftari juu ya magoti.

Sijaandika kwa wiki tatu. Kila nilipolishika daftari nilijua nitakachoandika, nikalirudisha chini ya mto.

Kondo amekufa.

Alikufa Alhamisi kabla ya jua kuchomoza, na alasiri tukamzika. Alikuwa Mzaramo, mwenyeji wa hapahapa Buguruni, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Utani wetu ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kula chakula chako bila kukuuliza, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa.

Nilipofika hapa sikuwa na mtu ninayemjua. Kondo ndiye aliyenipeleka kwa nyapara, akasema, "Nimekuletea punda wa Tabora. Anakula kidogo, na huyu anajua kusoma." Nilisoma misheni miaka mitatu tu, lakini yeye aliitangaza kila mahali kama nimetoka Ulaya.

Kazi yetu ni kufyeka pori upande wa Mbezi, mbele ya Kinondoni, ili wapima ardhi wapitishe mstari wao wa barabara. Lori linatuchukua Jumatatu, tunalala kambini, na Jumamosi mchana linaturudisha. Majani ya huko yanafika kifuani. Nguruwe mwitu wamejaa, na penye nguruwe pana kupe. Wako wadogo kama chembe ya ugoro, huwaoni mpaka washibe damu yako.

Tunajua kujikinga. Naandika hivi kwa uchungu, kwa sababu hakuna nilichokuwa sikijui. Asubuhi tunafunga miguu ya suruali kwa kamba ya mkonge, shati tunaliingiza ndani, tunapaka mafuta ya taa vifundoni na kiunoni. Hatukai juu ya gogo wala hatupumziki penye njia ya wanyama, maana kupe hupanda kwenye ncha ya jani akangoja mtu apite. Hayo alinifundisha Kondo, aliyekuwa mwindaji kabla ya kuwa kibarua. Alikuwa akiwinda nguruwe kwa mbwa na nyavu. Hakuwala, yeye ni Mwislamu, ila walikuwa wakimmalizia mama yake muhogo shambani. Nyama alitupa sisi tusiokatazwa. "Kula, Mnyamwezi," aliniambia, "mie nitakuombea." Akitoka kuwinda alivua nguo zote nyuma ya kibanda, akazitundika juu ya moshi, hata kama watu wanamcheka amevaa kipande cha gunia.

Lakini mgongo wako huwezi kuuona.

Kwa hiyo kila jioni kambini, kabla ya kuoga, nyapara hupaza sauti, "Migongo!" Kila mtu anasimama na mwenzake. Mwenzako anavua shati, nawe unatazama kuanzia kisogoni, nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mabega, hadi penye mkanda. Ukimwona kupe unamshika kwa kucha karibu kabisa na ngozi, unamvuta polepole, bila kumminya tumbo. Ukimnyofoa kwa haraka, kichwa kinabaki ndani. Ukimaliza unasema kwa sauti, "Safi." Nyapara akisikia safi, anapita. Hatazami tena yeye mwenyewe. Anakuamini.

Mwenzangu wa mgongo alikuwa Kondo.

Ilikuwa Jumanne. Kondo alianza na mgongo wangu, akanitoa kupe wawili, mmoja kwapani na mmoja kiunoni. Alikuwa akifanya kazi hiyo taratibu, ulimi ukiwa haupumziki. Akasema neno juu ya mke wangu. Wote waliokuwa karibu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lilikuwa neno la kawaida la utani. Siku nyingine ningelirudisha kwa kumtaja mama yake na dada zake wote, tungeshinda tukicheka.

Ila siku ile sikuwa mzima moyoni. Barua ya mwisho kutoka nyumbani ilikuwa ya kaka yangu, kurasa mbili, ameandika habari za ng'ombe, za mvua, za watoto wa jirani, na jina la mke wangu halikuwamo. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kulitafuta. Kondo hakujua. Sikumwambia mtu.

Zamu yangu ilipofika, Kondo akavua shati akanipa mgongo. Nilisimama nyuma yake na kuangalia miti. Nikasema, "Safi."

Jumatano nikasema safi. Alhamisi aliniambia, "Hapo chini ya bega panawasha, Mnyamwezi, hebu tazama vizuri." Nikamjibu ni jasho. Ijumaa nikasema safi tena. Jioni zote hizo yeye aliutazama mgongo wangu kama kawaida, na Ijumaa alinitoa kupe mwingine nyuma ya sikio, akanionyesha kwenye kidole chake kwa furaha ya mwindaji.

Jioni nne. Nilikuwa nimenuna kama mtoto, na hata kuniuliza nina nini hakuniuliza, alidhani nimechoka.

Jumamosi alirudi nyumbani kwao. Mama yake, Bi Asha, alimwona kupe chini ya bega lake alipokuwa akioga uani, kupe amevimba kama mbegu ya mbarika. Mama ni mtu wa jembe, hajui mambo ya pori. Alishtuka, akamng'oa mara moja. Kichwa kikabaki.

Jumatatu Kondo hakupanda lori. Nilipokwenda kumwona mwisho wa wiki, penye jeraha pamekuwa peusi kama pamechomwa kwa kaa la moto, mwili una vipele, kichwa kinamuuma hawezi kutazama mwanga. Aliponiona akasema, "Umekuja kuangalia kama ngozi yangu inafaa ngoma?" Huo ndio utani wake wa mwisho kwangu. Dresa, muuguzi wa zahanati, alikuwapo, akasema ni homa ya kupe, wengi hupona, wengine hawaponi. Akauliza nani aliyemtoa kupe. Bi Asha akasema, "Ni mimi, na kichwa kilibaki." Dresa akanyamaza, akaendelea kufunga dawa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nami nikanyamaza.

Mama yule aliuchukua ukimya wa dresa kuwa hukumu. Tangu siku ile kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alimwonyesha mkono wake wa kulia. Na tangu Alhamisi kila anayekuja kutoa pole anaambiwa, "Mkono wangu huu ndio ulioacha kichwa."

Habari ilipofika kambini, lori lilituleta mazishini, nami nikafanya kazi ya mtani. Nisingefanya wangeuliza kwa nini. Nilijifunga majani kichwani, nikaruka ndani ya kaburi kabla maiti hajafika, nikajilaza, nikasema hapa ni pangu, sitoki mpaka mnipe tumbaku. Wazaramo wakanitukana, wakanivuta miguu, wakacheka huku wanafuta machozi. Ndivyo inavyotakiwa.

Nikiwa chini kwenye udongo ule mbichi nikaona siwezi tena. Nikasema, "Nimemuua mimi! Jioni nne nilisema safi, na mgongo wake sikuutazama!"

Wakacheka zaidi.

"Tangu lini Mnyamwezi akawa na macho!" mmoja akajibu. Mwingine akasema, "Mzikeni naye!" Kicheko kikazidi, na mimi nikatolewa nimeshikwa makwapa. Hakuna aliyenisikia. Mtani kaburini husema yeye ndiye muuaji, ni jambo la siku zote, babu zangu walilisema na babu zao wakalicheka. Nilikuwa nimeusema ukweli mahali pekee ambapo hauwezi kusikika. Tena, nikiwa mkweli katika daftari hili, nadhani ndiyo sababu niliusema pale.

Siku mbili zilizofuata sikulala vizuri. Sikuwa nikimwona Kondo. Niliuona ule mkono wa mama yake.

Leo asubuhi nimekwenda. Mke wa Kondo yuko ndani, yuko eda. Bi Asha alikuwa barazani upande wa uani, anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, utalowa. Tangu lini mtani anabisha hodi?"

Nikabaki nimesimama kwenye mvua. Nikamwambia nina neno, na si la utani.

"Nyie mna neno lisilo la utani?"

Nikamwambia. Nikaanza Jumanne nikamaliza Ijumaa, sikuruka jioni hata moja. Nikamwambia na ile ya kuwasha, na kwamba nilisema ni jasho. Kisu chake kiliendelea kumenya. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Safari hii akakiweka kisu chini.

"Alikutania nini?"

"Mama, si neno la kulisema mbele yako."

"Mwanangu kalisema mbele ya kambi nzima. Liseme."

Nikalisema. "Alisema, 'Mie nahangaika na mgongo wako huku, Mnyamwezi, na huko kwenu sasa hivi kuna bwana anamtoa mkeo kupe. Tena yeye hana haraka.'"

Bi Asha akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akajiziba mdomo kwa kanga. "Kondo huyo," akasema. "Kondo mwenyewe huyo." Mabega yakawa yanatikisika, na kwa muda sikujua bado anacheka au la. Halafu nikajua. Nikaangalia chini mpaka aliponyamaza.

"Na wewe ukanuna," akasema.

"Nilinuna, mama."

"Siku nne."

"Siku nne."

"Mtani ananuna?"

Nikamwambia lile lililonipeleka. Kwamba mkono wake haukumuua mwanawe, kupe alikuwa ameshakaa siku nyingi kabla yeye hajamwona, na mtu wa kumwona alikuwa mimi. Akautazama mkono wake, juu kisha kiganja, kama kitu alichookota.

"Sijui umekuja kunitua mzigo mimi au kujitua wewe," akasema.

Nikamwambia hata mimi sijui. Ndiyo kweli, mpaka saa hii ninapoandika sijui.

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye makuti hadi mgongoni mwangu, na sikuthubutu kusogea. Mwishowe akaokota kisu.

"Usikanyage hapa mpaka arobaini," akasema. "Siku hiyo uje. Watu wakishakula, usimame, useme kama ulivyosema sasa. Usivae majani. Usijilaze chini. Useme tu."

"Na wakicheka, mama?"

"Nitakaa mbele yako. Hawatacheka."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Nilipofika kona nikageuka, nikamwona anamenya muhogo tena, kwa mkono uleule.

Kesho lori linatuchukua. Nyapara amenipa mwenzangu mpya, Mmakonde mmoja mpole, hatuna utani naye. Nitautazama mgongo wake mpaka achoke kusimama.

Ninaogopa siku hiyo ya arobaini kuliko nilivyowahi kuogopa mnyama porini. Watakuwapo ndugu za Kondo, na vijana tuliofyeka nao, na nyapara aliyekuwa akisikia sauti yangu akapita. Wote watajua. Naweza kukimbia. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi huu, na nyumbani niliwaandikia wanitarajie wiki ya Pasaka. Hakuna atakayenifuata Tabora.

Jioni hii nimemwandikia kaka barua nyingine, fupi. Nimemwambia Pasaka sitafika, nina neno la kusema huku mbele ya watu. Arobaini ni Jumatatu, tarehe 19 Aprili. Siku inayofuata nitapanda gari la moshi. Wanitarajie siku za mwisho za Aprili, si kabla ya hapo, na amwambie mke wangu, kama bado yupo.