Hati Moja, Motokaa Mbili

KITUO CHA POLISI, MJINI UNGUJA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwanakheri binti Usi
Umri: Miaka hamsini na miwili, kwa hesabu ya marehemu mama
Kazi: Mtunzaji wa vyombo vya shughuli vya mtaa
Makazi: Kikwajuni
Tarehe: 18 Juni 1956, saa tatu asubuhi
Mbele ya: Koplo Abdulla Mkubwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu, na nimemuomba koplo aandike kama nisemavyo, asinipambe.

Kwangu ndiko vinakokaa vyombo vya mtaa wetu: masinia, masufuria ya pilau, mabusati, na joho moja la bwana harusi ambalo limeshaingia harusini mara nyingi kuliko kadhi. Mwenye shughuli huja kuazima, akimaliza hurudisha. Anayerudisha sinia chafu hapati tena.

Mwaka 1953 mdogo wangu, Borafya Usi, alinunua motokaa nyeusi ya kuchukulia abiria. Akaambiwa motokaa haitembei barabarani bila ya bima, ili ikimgonga mtu, kampuni imlipe aliyeumia. Akalipa, akapewa hati yenye mhuri. Hati akaileta kwangu niitie kabatini, maana kwake kuna mchwa. Akitoka na motokaa hupita kuichukua, akirudi huileta.

Haukupita muda, jirani yetu Mcha Shamsi, naye ana motokaa nyeusi, akaja kuniomba hati ile kwa siku ambazo Borafya hatoki. Nilimpa. Nikiulizwa kama nilijua kuwa ni kosa, najibu kuwa sikujua. Kitu kimelala kabatini, jirani anakihitaji, ningemnyima kwa uso gani? Nikiulizwa kama askari wa barabarani hawakuona kuwa namba ya motokaa ni nyengine, najibu kuwa sikuwapo, lakini Mcha alinambia aliyemsimamisha aliutazama mhuri, akasema, "Haya, nenda." Hapa koplo amekohoa. Nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Nikiulizwa kama niliisoma hati, najibu kuwa nasoma msahafu na barua za herufi za Kiarabu. Ile imeandikwa Kizungu. Borafya na Mcha ni kama mimi.

Mnamo Alhamisi tarehe 14 Juni palikuwa na harusi ya Shemsa, binti wa mtaani kwetu. Motokaa zote mbili zilitakiwa, na hati ni moja. Nilikata shauri mwenyewe. Hati ipande motokaa ya Mcha, kwa kuwa ndiyo iliyombeba bibi harusi na ndiyo itakayotangulia. Borafya afuate nyuma na wapigaji ngoma, karibu kabisa, ili akisimamishwa aseme sote ni safari moja. Mimi nilikaa mbele kando ya Mcha, hati mapajani, kwa sababu Mcha ana tabia ya kusahau vitu vya watu.

Tuliondoka saa kumi na nusu alasiri. Somo wa bibi harusi, yule aliyemfunda, alikuwa amekipamba kioo cha mbele kwa mashada ya asumini, na upande wa dereva aliutilia mkono zaidi. Nilimuuliza Mcha, "Unaona lakini?" Akanijibu, "Naona pa kutosha, Bi Mwanakheri." Alikuwa akiona upande wangu tu.

Tulipofika Darajani, Mjaka muuza kahawa alikuwa anavuka kutoka upande wa kulia, dele la kahawa mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilisema, "Mcha, mtu." Mcha alikanyaga breki, lakini tulikuwa tushampata. Mjaka alianguka, na mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti. Alisema, "Kahawa yangu." Borafya alisimama nyuma yetu kama hatua kumi, na motokaa yake haikumgusa mtu. Ngoma ndiyo iliyochelewa kunyamaza, kwa sababu wapigaji walidhani tumefika.

Ijumaa tarehe 15, baada ya sala, walikuja nyumbani kwangu watu watatu: Borafya, Mcha, na Sichana, mke wa Mjaka. Borafya alikuja na kikapu cha halwa. Hapo nilijua pana jambo, maana tangu aoe hajaniletea hata ganda la ndizi.

Sichana alisema, "Bi Mwanakheri, kazi ya Mjaka ni miguu. Asipozunguka na dele, sie hatuli. Hati ina namba ya Borafya. Waambie polisi ni Borafya aliyegonga, kampuni itulipe."

Borafya akasema, "Mie nshakubali, dada. Bima ninayo, mie sidhuriki."

Mcha alisema, "Nitafungwa, Bi Mwanakheri," akatazama chini.

Niliwaambia waniache nifikiri. Halwa nilikula kidogo, nasema kweli.

Jumapili saa nne asubuhi nilikwenda hospitali kumtazama Mjaka. Mguu umefungwa plasta nzito. Hakuniomba niseme uongo. Aliniuliza vikombe vyake vimepona vingapi, nami sikuweza kumwambia kuwa ni viwili. Nilitoka nimeazimia kusema ni Borafya. Koplo aliandike hilo pia. Nilikuja hapa leo na maneno yangu nimeshayapanga.

Lakini nimeapishwa, kisha nimeulizwa motokaa iliyomgonga Mjaka ni ya nani. Mimi nilikuwa ndani yake. Ni ya Mcha Shamsi. Watu watasema nimemkinga ndugu yangu, na waseme. Nimemnyima Mjaka malipo yake kwa ulimi wangu mwenyewe, na inaniuma sana, kwa sababu hati ya pale mapajani niliipandisha mimi. Hati yenyewe ni hii, naikabidhi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Sipunguzi na siongezi.

Sahihi (kwa herufi za Kiarabu): Mwanakheri binti Usi

MAANDISHI YA ASKARI

Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri kuwa ni sahihi, isipokuwa alitaka lifutwe neno la halwa, kisha akasema libaki.

Nimeikagua hati aliyoikabidhi. Ni ya motokaa ya Borafya Usi. Muda wake ulikwisha tarehe 30 Juni 1954, na haikulipiwa tena. Kwa hiyo hakuna kampuni ambayo ingemlipa Mjaka, ingetajwa motokaa hii au ile. Nimemweleza shahidi jambo hili mara mbili.

Kisha shahidi ameomba kuongeza, nami naandika kama alivyosema: "Siku tatu silali kwa ajili ya uongo usiokuwa na kazi. Waiteni Borafya na Mcha. Walikuwa tayari kugawana uongo, basi wagawane kumlisha Mjaka na mkewe mpaka mguu usimame. Nnawangoja nje."

Abdulla Mkubwa, Koplo
Saa tano na robo asubuhi

Wote wawili wameitwa. Borafya amefika mpaka mlangoni, amemwona dada yake kwenye benchi, na ameuliza kama kituo kina mlango mwengine.