Nilipoushusha Mstari wa Kwanza

Alhamisi, saa tisa alasiri, Kericho

Radi imeanza mapema leo. Ukungu umeshuka hadi kwenye majani ya chai nyuma ya ofisi.

Nilifanya kosa Jumanne.

Ofisi yetu ya ushirika wa maziwa haianzi kitu bila sala: mkutano, barua, hata daftari jipya. Basi nilipokuwa nasafisha faili la maagizo ambayo kompyuta hufuata kuijenga programu yetu ya kengele ya maziwa, nikaandika juu kabisa: "# Asante Mungu kwa kazi hii." Nikajiona mtakatifu kidogo, nakiri.

Maneno yakianza kwa alama ya reli, kompyuta huyaruka. Yote, isipokuwa mstari kama ule wa "# syntax" uliokuwa wa kwanza katika faili letu, unaosema faili lisomwe kwa kanuni za toleo gani. Huo sharti uwe juu kabisa. Ukitanguliwa na maneno mengine, hata sala, unageuka maoni matupu. Sikujua. Nilidhani ni pambo tu.

Kompyuta yangu ni mpya, ikajenga bila kunung'unika. Ile kuukuu ya kituo chetu cha Sosiot, penye tangi la kupozea maziwa, inayotumia betri stima ikipotea, ilirudia kanuni zake za zamani na kukwama kwenye amri isiyoifahamu. Ilikuwa imeshazima programu ya awali. Tangu Jumanne hakuna kengele ya kuonya maziwa yakipata joto.

Nimegundua leo saa nane. Nikampigia Mama Chelangat, anayesimamia tangi.

"Hiyo kengele haijalia hata mara moja," akasema kwa furaha. "Stima ilipotea jana mpaka asubuhi, lakini nikajua maziwa iko sawa. Tukapeleka kwa shule, watoto wakakunywa saa nne."

Nikakata simu, nikafungua faili.

Faili nimelirekebisha kwa sekunde chache tu, na hilo ndilo linaloniuma. Halafu nikakaa dakika kumi nzima nikijiambia labda usiku ulikuwa na baridi ya kutosha, labda nikinyamaza hakuna atakayeuliza. Ndiyo, niliwaza hivyo. Nayaandika haya hapa ili kesho nisije nikajidanganya kwamba sikuwaza.

Mwishowe nikampigia mwalimu mkuu. Nikamwambia mimi ni Chepkoech wa ushirika, na kwamba ni kuhusu maziwa ya leo asubuhi.

Nyuma yake nikasikia mtoto analia, kisha mwingine.

"Kwani nani ameshakuambia?"