Msimu Tuliochelewa Kupanda

Dana, bibi yangu mpendwa,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Nimerudi Migori jioni hii kutoka nyumbani Magunga, viatu vimejaa matope, insha za darasa la sita zimenikodolea macho mezani, na Jumatatu asubuhi nina zamu. Lakini kuna habari ya shamba lako, na ningependa uisikie kutoka kwangu mjukuu wako, si kwa majirani.

Siku ya mazishi yako sikulia. Nani angegawa chai? Ua ulijaa watu, na karibu nusu yao ni wewe uliyewafundisha kusoma. Yule askari mwenye kitambi, uliyezoea kumkemea hata barabarani, alifika mbele ya jeneza, akasita, akachomekea shati kwanza ndipo akainamisha kichwa. Watu walicheka, nami nikacheka nikiwa na birika mkononi. Kisha nikaendelea na chai.

Maisha yako yote ya ualimu ulifundisha darasa la kwanza. Walipotaka kukupandisha cheo ulikataa. "Hao wakubwa wana walimu wengi," uliniambia. "Hawa wadogo wana mimi." Kwenye ukosi wa gauni ulichomeka pini, na wakati wa mapumziko ungemkalisha mtoto kwenye ngazi, ukamwosha miguu kwenye karai na kumtoa funza taratibu, huku ukimwimbisha herufi ili asisikie uchungu. Ukirudi nyumbani ungevua viatu, useme "Aol," yaani nimechoka, halafu uinuke hapo hapo kuchambua maharagwe. Nilidhani uchovu wa mwalimu ni neno la kusema tu. Sasa nami ni mwalimu, na naujua ulivyo.

Ila asubuhi ya kupanda ulikuwa mtu mwingine. Mvua kubwa ikishanyesha, hakuna aliyegusa mbegu kabla yako, maana wewe ndiwe mama wa boma. Uliamka kabla ya jua, ukachimba mstari mmoja, ukafukia mahindi yako, kisha ukaita, "Haya, anzeni!" Mke wa mwanao mkubwa akafuata, halafu mama yangu, mke wa mdogo. Wewe huyoo, shuleni, matope hadi kwenye soksi. Wakati mmoja nilikuuliza kwa kiburi cha chuo kama mwalimu mzima, tena mkristo, anaogopa chira, hiyo mikosi ya kuvunja mila. Hukukasirika. "Mimi naamini foleni," ulisema. "Hata watoto wangu hawaingii darasani kwa kusukumana."

Mwaka jana tulikubeba na kiti hadi shambani. Vidole havikushika tena, mbegu zikaanguka nje ya shimo. Mama alipoinama kuziokota ulimzuia. "Ziache. Zitaota hapo hapo."

Mwaka huu mvua ilikuja, na shamba likakaa hivyo hivyo. Mahindi ya majirani yalifika magotini. Zamu ya kuanza ilikuwa ya Mama Mkubwa, mke wa mwanao wa kwanza, naye yuko hapa Migori anauza vitambaa sokoni. Kila tulipompigia simu alikuwa na sababu: mara mzigo haujafika, mara mgongo. Mama naye hakuthubutu kushika jembe. "Nitamrukaje?" aliniuliza. "Hiyo njaa tutakula, lakini kumruka siwezi." Na mimi, binti ambaye hajaolewa, ningepanda kwa nafasi ipi? Niliona msimu unatuponyoka, na boma lako linakuwa gofu kwa sababu ya mtu mmoja mvivu. Ndivyo nilivyomwita moyoni.

Juzi nilimfuata kibandani kwake baada ya masomo, nimechoka na nimekasirika.

"Mama Mkubwa, leo uniambie. Unakuja ama huji?"

Aliendelea kukunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "wewe unafikiri ni mgongo? Mimi niliolewa kama sijui hata kushika jembe. Mama mkwe ndiye alinifunza. Kila mwaka nasimama nyuma yake nangoja aseme anzeni. Sasa nikianza mimi, si nimesema ameenda?"

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye hadi soko likaanza kufungwa. Mwishowe akasema, "Jumamosi. Lakini twende pamoja."

Kwa hiyo leo alfajiri tulikuwa shambani, yeye, mama na mimi. Mama Mkubwa alichimba mstari wake umepindapinda, ungeucheka. Alidondosha mbegu, akafukia kwa mguu, akasimama akitazama nyumba yako. Mama alikuwa nyuma yake na jembe, hakumharakisha. Halafu Mama Mkubwa akageuka na kusema kwa sauti ndogo, "Haya, anzeni."

Hapo ndipo nilipolia, Dana. Mimi niliyesumbua kila mtu tupande, nilikaa chini kwenye udongo nikalia kama watoto wako siku ya kwanza ya shule. Wenyewe walinipita wakipanda, kila mmoja akinigusa bega. Nilikuwa nimekosa kitu nisichokijua tangu siku ile ya chai, nacho ni kukubali kwamba umeenda.

Tumechelewa, na labda mavuno yatakuwa haba. Nyani watachukua fungu lao kama kawaida. Lakini shamba limepandwa hadi mwisho, kwa zamu, bila mtu kumsukuma mwenzake.

Basi lala, mwalimu. Usiamke na mvua. Hatukungoji tena.

Mimi mjukuu wako