Shauri la Wapishi wa Muthangari

Kampala, 9 Februari 1958

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi ni mzima. Ile homa ya Krismasi imeondoka, na hapa chuoni tunakula matoke asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo usiulize kama nimenenepa. Mama hajambo? Mgongo wake je? Na wadogo zangu, wanasoma au wanacheza tu?

Baba, nina habari mbili njema, na zimeninyima usingizi. Nimepata nafasi ya kwenda Bombay kusomea ufamasia, ile kazi ya kutengeneza dawa na kuziuza. Nimepata pia nafasi ya kusomea uhasibu hapo Nairobi, kwenye chuo kipya cha mjini. Zote mbili zimelipiwa. Kusema kweli zote nazipenda. Ninachotaka kujua ni kazi gani ina mshahara mkubwa, kwa sababu nyuma yangu kuna wadogo watatu wa kusomeshwa, na wewe huwezi kupikia wazungu mpaka meno yakuishe. Huko Muthangari unaishi karibu na watu wa kazi hizo. Nitafutie ukweli. Jibu langu linatakiwa kabla ya katikati ya Mei.

Ni mimi mwanao,
Peres


Muthangari, 23 Februari 1958

Kwa mwanangu Peres, ambaye kwa jina ni mama yangu,

Pokea salamu zetu. Sisi huku tu wazima. Mgongo wa mama yako unamsumbua akifua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Ameniagiza niandike Kiswahili kitupu nisichanganye Kijaluo, ili yeye Mkamba asikie vizuri nikimsomea kabla ya kutia posta.

Mama, barua yako nimeipeleka kwenye baraza. Unajua kila Jumapili wapishi wa mtaa huu tunakaa nyuma ya kanisa baada ya ibada. Kisilu anampikia mzungu mwenye duka la dawa mjini. Nashon anampikia mhasibu. Na mpishi hana haja ya kuonyeshwa mshahara wa tajiri wake, anauona ndani ya sufuria.

Kisilu akasema, "Kwangu nyama ni mara mbili kwa wiki. Sukari memsaab anafungia kabatini, ufunguo iko shingoni kwake."

Nashon akacheka. "Kwangu mguu wa kondoo unaliwa nusu. Ile ingine inapewa mbwa."

Tukavua kofia kwa heshima ya huyo mbwa. Basi shauri likaisha bila mabishano: usomee uhasibu. Nimekwisha kuwatangazia wote. Mzee wa kanisa sasa ananiita Baba Mhasibu, nami sikumkataza.

Babako,
Zadock Were


Kampala, 16 Machi 1958

Mpendwa Baba Mhasibu,

Shikamoo, na unisalimie Mama na watoto. Mimi sijambo. Barua yako nimewasomea wasichana wenzangu bwenini, na mpaka leo wakiniona wananiuliza habari za mbwa wa Nashon.

Lakini Baba, kuna jambo mwalimu ameniambia ambalo baraza halikulipima. Mtu akimaliza darasa la uhasibu hajawa mhasibu. Ni lazima akae miaka kadhaa katika ofisi ya mhasibu mkubwa, afanye kazi chini yake, ndipo apewe cheti. Wakubwa hao ni wazungu, na Wahindi wachache. Je, wako tayari kumpa kiti Mwafrika, tena msichana? Maana nyama mliyoipima ni ya mzungu. Yangu itakuwa kiasi gani? Tafadhali niulizie.

Mwanao akupendaye,
Peres


Kampala, 27 Aprili 1958

Mpendwa Baba,

Natumaini mko wazima, ingawa natumaini kwa shida. Hii ni barua ya tatu tangu niulize habari ya kiti, na sijapata hata mstari mmoja. Mama anaumwa? Kama nimekukosea kwa kusema nyama za wazungu, nisamehe, nilikuwa natania. Siku za kujibu zinakwisha na sitaki kuchagua bila neno lako.

Mwanao,
Peres


Kabiria, 4 Mei 1958

Kwa mama yangu Peres,

Salamu sana. Mama yako ni mzima, watoto ni wazima, nami ni mzima. Utaona tumehama. Usishtuke, soma polepole.

Uliniomba niulize, nikauliza. Yule tajiri wa Nashon alikuja kula kwa bwana wangu. Wewe umekulia nyuma ya jikoni ile, unajua sheria yetu: mpishi akiingia mezani anaingia na mikono, mdomo anauacha jikoni. Nimeishika sheria hiyo tangu kabla hujazaliwa. Usiku ule nilimwekea mgeni pudini, kile kitamu chao cha baada ya chakula, kisha sikuondoka. Nikasema, "Bwana, kuuliza si ujinga. Binti yangu Peres anataka kusomea kazi yako. Akimaliza, utampa kiti ofisini kwako?"

Kijiko cha memsaab kilisimama hewani.

Mgeni akasema, "Wewe nasema nini, mpishi? Toto yako? Msichana?" Akacheka sana. "Kama nataka fagia ofisi, sawa. Kaa kwa kiti, hapana. Bado."

Asubuhi memsaab akaniambia nimekuwa mkubwa kuliko jikoni yake. Tukapewa siku chache za kutoka. Mzee Mungai wa hapa Kabiria ametukodisha chumba, mtu mzuri, na sasa napika chapati na karanga ya nyama kwenye hoteli ndogo karibu na Adams Arcade. Hakuna pudini, na wateja wanasema asante. Sikuandika kwa sababu nilitaka nipate kazi kwanza, usije ukaacha masomo kwa kutuhurumia.

Kiti sikukupatia, mama, na hilo limeniuma kuliko kufukuzwa. Baraza letu lilipima vibaya. Nenda Bombay. Mwafrika anaweza kuwauzia Waafrika wenzake dawa, hata kama sukari itafungiwa kabatini.

Babako,
Zadock


Kampala, 11 Mei 1958

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na Mama pia, na mwambie Mzee Mungai ahsante. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma nikalia, nikaisoma tena nikakasirika, mara ya tatu nikakuona umesimama pale na pudini yao, nikajivuna mpaka nikashindwa kula. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniombea kazi duniani.

Sasa unisikilize. Nikiwa mfamasia, nitapewa dirisha la nyuma kwenye hospitali ya serikali, na mshahara wa dirisha la nyuma. Hapo pia hakuna kiti. Lakini angalia vyama vya wakulima wa kahawa na pamba vinavyoanzishwa kila wilaya. Angalia maduka ya watu wetu. Hao wote watahitaji mtu wa kuwaambia pesa yao imekwenda wapi, nao watamlipa, kwa sababu asiyemlipa ataibiwa zaidi. Bwana yule alisema bado. Mimi nina miaka ya masomo ya kuingoja hiyo bado yake iishe.

Nimejibu leo asubuhi: uhasibu, Nairobi. Ukinikasirikia, nitakuwa karibu, utakuja unikasirikie uso kwa uso.

Mwanao,
Peres


Kabiria, 21 Septemba 1958

Kwa mama yangu Peres,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama yako anauliza kama bwenini kwenu kuna baridi. Utashangaa nakuandikia barua na mji wetu ni mmoja, lakini kuna neno ambalo nikilisema mbele yako nitaaibika.

Jumatano ilikuwa siku yangu ya kupumzika, nikaja chuoni kwenu na njugu alizokaanga mama yako. Askari wa mlangoni akaniuliza, "Unatafuta nani, mzee?"

Nikamwambia, "Natafuta mhasibu."

Nilipotaja jina akakuonyesha kwa kidole. Ulikuwa umesimama kwenye ngazi na kitabu wazi, na vijana wamekuzunguka, Wahindi wawili, Mwafrika mmoja, na mzungu mwekundu kama nyanya. Ulikuwa unawakatalia jambo, unagonga ukurasa kwa kalamu. Kisha ukaanza kuwaeleza, na yule mzungu akatoa karatasi, akawa anaandika unayosema.

Sikukuita. Njugu nilimwachia askari, na kama zimepungua ni yeye. Nikaondoka kwa miguu, nikapanda Valley Road, nikashika Ngong Road mpaka Kabiria, na njia nzima nilikuwa nikiwasalimu watu nisiowajua. Mmoja akaniuliza kama nimelewa. Nikamwambia ndiyo.

Babako,
Zadock