Wifi, Maua Yalikuwa Yako

Jumanne. Asubuhi mvua ya mawe imelipiga paa letu hapa Butiama mpaka kuku wakaingia uvunguni mwa kitanda.

Wifi yangu mpendwa,

Majibu ya maabara yametoka. Nakuandikia huko kwenu Bunda kabla hujayasikia kwa mdomo wa kaka yangu, maana ameshaanza kuyatangaza.

Unakumbuka, kabla ya mavuno, tulivyokwenda wawili Musoma kumwona mpimaji? Aliloweka maua yetu ya njano, yale ya dawa ya figo ambayo mnunuzi alituletea mbegu, kwenye spiriti. Akadondosha tone kwenye kibao cheupe, mistari ya rangi ikaanza kupanda. Akasema kila mmea una mistari yake na hauwezi kudanganya. Ukanifinya: "Wifi, wangekuwa wanapimaga na wanaume hivi, mimi ningekuwa bado kwa baba." Tulicheka mpaka akatuuliza tumekula nini.

Kikundi chetu kilivuna alfajiri, maua yakiwa bado yamefumba, tukiamini jua linayapunguzia nguvu. Ubaya ulikuwa hapo. Lile gugu la njano la ukingoni mwa shamba, likiwa limefumba, ni pacha wa ua letu. Mnunuzi aliporudisha magunia akisema yana sumu ya ini, mumeo hakuuliza kitu. Aling'oa mti wa chanja tulichoanikia, maua yakamwagika, akaanza na mgongo wako.

"Umeniaibisha! Watu watasema nauza sumu!"

Mlio wa mfupa wako bado ninao masikioni. Ulikuwa umeinua mkono kukinga kichwa. Damu ya pua ilidondokea maua, naye akaendelea kupiga, safari hii kimya, kama mtu anayepura mtama. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio. Akanitupa ukutani. Majirani walisimama nje ya uzio, mmoja akasema, "Ya ndoa hayo." Nilimtupia jiwe. Leo hakuna hata mmoja anayekiri kwamba alikuwepo. Ningekuwa na panga siku ile, ningekuandikia kutoka gerezani.

Tangu hapo mama alikuwa akiniambia tusubiri majibu. "Kama gunia si lake, mwanangu ataomba msamaha. Kama ni lake, mkwe atarudi mwenyewe yaishe. Na wewe, polisi wakikuuliza, alianguka." Nami niliyasubiri, wifi. Niliyaombea kanisani yawe upande wako.

Hayakuwa. Mpimaji yule yule, tuliyempelekea magunia yaliyorudishwa, alipima gunia la kila mchumaji, na lako peke yake ndilo lina mistari ya lile gugu. Maua yalikuwa yako. Yangeweza kumuua mgonjwa, hilo silifichi. Ulikosea kama ambavyo ningekosea mimi, au yeyote anayechuma kabla hakujakucha.

Mchana kaka aliingia akitikisa simu yenye majibu. "Si nilisema? Mimi sipigagi mtu bure!"

Mama akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo.

"Mkono wake nao umepimwa?" nikamuuliza kaka. "Umekutwa na sumu gani?"

Akakunja ngumi.

"Piga," nikasema. "Nipate la kuongezea."

Akaishusha. Nikavaa viatu, nikaenda polisi, dawati la jinsia. Nikaeleza yote. Askari wa kike akauliza kama lile gunia lilikuwa lako kweli. Nikamjibu: ndiyo, liandike, halafu andika kwamba alimvunja mtu mfupa. Nikatia sahihi.

Jioni wamemchukua akiwa anakula. Alipopandishwa gari, mama alinirushia bakuli la mboga. Nimechanika juu ya jicho. Kaniambia nimezaliwa na nyoka. Sikumjibu kwamba amejitukana mwenyewe.

Sikuombi urudi. Watakuita utoe maelezo, na huko kwenu watakushauri ukane. Usikane. Sema maua yalikuwa yako, kisha weka mkono juu ya meza wauone.

Uwasalimie kwenu, na usibebe kitu kizito.

Mimi wifi yako, hata ndoa ikiisha.

Mama amelia chumba cha pili mpaka sauti imekauka. Sasa ni saa saba usiku, ndio kwanza nalala.