Mkono Ulioufunga, Dada

Dada yangu,

Nakusalimu, kwa kuwa mama yetu alitufundisha kwamba salamu haina ugomvi. Goti lako linaendeleaje? Nasikia ngazi za hapo kwako zimekushinda, siku hizi unawatuma watoto wa jirani sokoni. Pole. Presha nadhani imeshuka, maana siji tena mlangoni kwako jioni kuipandisha. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba Kibonge anaendelea na kazi ya vioo, na vidole vyake vyote bado anavyo. Mimi niko palepale kwenye dobi ya hoteli, napiga pasi mashuka ya watu wanaolala vizuri kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe hukata nami hupandisha sauti, na mwisho wake tunabaki kila mtu na hasira yake mkononi. Barua huwezi kuikata katikati ya neno. Unaweza kuichana, ila ukiichana hutajua lililo mwishoni, na la mwishoni linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Naanza na jioni ile, ili usiseme nimeisahau au nimeitia chumvi. Nilitoka kazini nikaja kumchukua mtoto kama kawaida. Nilimkuta kwenye mkeka sebuleni kwako, kamasi zimemkaukia mdomoni, mkono wake wa kushoto umetiwa ndani ya soksi, na soksi imefungwa kwa utepe wa kitambaa. Upande wa kulia ulimwekea kijiko. Ulitaka atumie wa kulia. Alichofanya ni kulia. Nilipoufungua ule utepe, nyama ya kifundo ilikuwa na alama nyekundu imemzunguka kama bangili.

Nilikuuliza ni nini hiki, nawe hukushtuka hata kidogo. Uliendelea kukunja nguo. Ulisema samaki mkunje angali mbichi, kwamba mtoto anayeshika kila kitu kwa kushoto atachekwa kwenye kila meza atakayokaa, na kwamba umashoto huo haukutoka kwetu bali umetoka upande wa baba yake, watu ambao hata kufunga mlango hawajui. Ukamalizia kwamba mimi nimechelewa kuzaa, ndiyo maana najifunza ulezi kwenye simu.

Sikunyamaza. Nilikuambia mtoto akiwa mashoto ni mashoto, na mashoto wamejaa duniani wanajenga nyumba na kuendesha magari. Nikakuambia na lile neno jingine, neno ambalo mtu hamwambii dada yake ambaye hakujaliwa mtoto. Silirudii hapa, wala silifuti. Nilimbeba Kibonge, nikaacha hata chupa yake ya maziwa juu ya meza yako, na njia nzima alikuwa akinishika sikio kwa mkono uleule ulioufunga.

Baada ya hapo ulifanya unachojua kufanya. Ulimpigia shangazi, shangazi akanipigia mimi, akaniambia nikuombe radhi kwa sababu wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Mjomba naye akapiga, akanieleza kwamba kwetu mikono imenyooshwa tangu enzi na hakuna aliyekufa. Hakuna kati yao aliyeniuliza kama nina pa kumweka mtoto. Siku za mwanzo nilikwenda naye kazini, nikamkalisha ndani ya kapu la mashuka, mpaka msimamizi akasema hoteli si mahali pa kulelea watoto. Kwa fundi vioo nako hapafai, kila unapokanyaga pana kigae. Ikabidi nihamie zamu ya alfajiri, baba yake akaingia kazini mchana, tukawa tunapokezana mtoto mlangoni kama walinzi wa benki.

Na katika muda huo wote, Dada, mimi na wewe tulikuwa mafahali wawili tunagombea mkono wa kushoto. Wewe unataka ufungwe, mimi nataka uachiwe. Wa kulia ulikuwa hapohapo umekaa kimya. Nilidhani hakuna kati yetu aliyeutazama.

Aliyeutazama ni muuguzi wa chanjo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye alikuwa anagombeza watu foleni nzima. Alimkalisha Kibonge kwenye meza ya kupimia, akampa kifuniko cha chupa. Mtoto akakichukua kwa kushoto. Muuguzi akakihamishia upande wa kulia kabisa, karibu na paja. Mtoto akapitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo lake, akajipinda mpaka akataka kuanguka, akakichukua kwa kushoto vilevile. Nilicheka. Nilimwambia kwa majivuno kabisa kwamba mwanangu ni mashoto na sitaki mtu amlazimishe. Yule muuguzi hakucheka. Alimshika mkono wa kushoto polepole, akamwekea kifuniko tena. Mkono wa kulia haukwenda popote. Ulikaa umekunjwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani.

Akaniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia hajatimiza mwaka. Aliniambia, na maneno yake bado yananiuma, kwamba watoto wa umri huo hutumia mikono yote miwili, leo huu, kesho ule. Kuelemea upande mmoja huja baadaye, wakishatembea, na kwa wengi hakutulii mpaka wakaribie umri wa kwenda shule ya watoto. Kisha akasema mtoto anayechagua mkono mapema hivi huenda hachagui. Huenda anaukimbia ule mwingine. Akatuandikia twende hospitali kubwa.

Huko hospitali sitakuchosha na habari za mabenchi. Walimpima, wakampiga picha ya kichwa, na daktari akatuita ndani mimi na baba yake. Kibonge alipata jeraha dogo kwenye ubongo, upande unaoongoza mkono wa kulia. Mkono si mvivu wala mkaidi. Hausikii amri vizuri. Mguu nao umeguswa kidogo, ndiyo maana alikuwa akijiburuta upande tulipokuwa tunamcheka kwamba anaendesha baiskeli. Baba Kibonge alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akatoka nje, nikamwona dirishani anafuta miwani yake kwa shati na hiyo miwani haina doa.

Daktari aliniuliza mengi. Mojawapo lilikuwa kama mtoto amewahi kuanguka. Nilimjibu hapana, bila hata kufikiri. Nilimwambia mwanangu alikuwa analelewa na dada yangu wa tumbo moja, na kwamba tunaweza kugombana kwa mengine yote lakini kwa macho ya kumwangalia mtoto sijaona mfano wake. Nilikutetea mbele ya watu, Dada, wakati ambao jina lako lilikuwa halitajwi nyumbani kwangu.

Sasa anafanya mazoezi. Kuna mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye viganja vikubwa, anamlaza juu ya mpira na kumwimbia. Na usije ukacheka: ametuagiza kwamba kwa muda mfupi, wakati wa kucheza, tumvalishe ule mkono wa kushoto glovu laini ili wa kulia upate zamu. Aliponiambia nilimgombeza. Nilidhani umemtuma. Akanieleza kwa utaratibu kwamba hafungwi, haumizwi, akichoka anavuliwa, na kusudi lake si kuusahihisha wa kushoto bali kuuamsha wa kulia. Glovu nimeishona mwenyewe. Kila ninapomvalisha nakuona wewe na utepe wako, na kwa hasira naivalisha kinyume, mpaka siku nyingine baba yake hunipokonya akamvalisha yeye. Usijidanganye kwamba hilo linakupa haki. Mwenye kisu cha tabibu na mwenye kisu cha jambazi wote wanakata.

Sasa nafika mahali ambapo pengine utataka kuiweka barua chini. Usiiweke.

Jirani yako mshonaji alikuja kunitafuta dobini. Alisimama pale penye mvuke na mkoba wake, akaanza kunizungusha kwa habari za cherehani yake, mpaka nikamwambia aseme alichojia. Akasema amesikia habari za mtoto na hawezi tena kukaa na alichonacho. Kwamba miezi mingi nyuma, Kibonge akiwa ndiyo kwanza ameanza kugeuka mwenyewe, ulimwendea mbio umembeba, ukamwomba amtazame kichwani. Alikuwa ameanguka kutoka kitandani, na nundu imemtoka. Ulimwapisha asiniambie. Na kwamba baada ya siku hizo ulianza kuuchua mkono wa kulia kwa mafuta ya uvuguvugu, kila mchana, unavinyoosha vidole kimoja kimoja na vyenyewe vinarudi kwenye ngumi.

Kwa hiyo ulikuwa umeuona. Wakati mimi namsifu mwanangu kwa kuwa mashoto, wewe ulikuwa unajua kwamba mkono wa kulia una jambo. Hayo maneno ya kuchekwa mezani, na upande wa baba yake, na samaki mbichi, yalikuwa pazia. Ulimfunga ili wa kulia ufanye kazi kabla sijatambua. Hukuwa unamtibu mtoto, Dada. Ulikuwa unaitibu hofu yako, na dawa ulimpaka yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, nawe ndiye uliyenifundisha methali hiyo.

Nilirudi kwa daktari. Nilikwenda peke yangu, nimejiandaa kusikia kwamba ni wewe uliyemharibu mwanangu, na nakuambia kweli, nilikuwa nalitaka jibu hilo. Nilimweleza habari ya kitanda na ya nundu. Akaitoa picha, akanionyesha kovu lenyewe. Alisema hilo ni la zamani kuliko kitanda chako. Lilitokea mtoto akiwa bado tumboni mwangu, au katika siku zile za kuzaliwa, na hakuna aliyelifanya, si mimi wala wewe wala mkunga. Kuanguka kule hakukumfanya chochote zaidi ya nundu iliyopotea yenyewe.

Sasa sikiliza. Jibu hilo ninalo tangu mwezi uliopita. Shangazi alinipigia akasema huli, hutoki, unakaa kitandani unatazama ukuta na hutaki kusema una nini. Mimi nilijua una nini: habari za hospitali zimekufikia, nawe unafikiria kile kitanda. Nilikuwa na neno moja la kukuinua, nikamwambia shangazi labda ni goti, nikakata simu nikaenda kula chakula changu, nacho kilikuwa kitamu. Baba Kibonge alipogundua nimekaa nalo kimya aliniambia hajui ameoa mtu gani. Nilifanya makusudi. Nilitaka uamini kwamba ulimvunja, kwa muda uleule ulioniacha mimi niamini kwamba mwanangu ni mzima.

Basi nimekuambia. Hukumvunja. Ungekuja siku ile na nundu yake ningekupigia kelele, ningelia, kisha tungempeleka hospitali, na mazoezi haya angeyaanza akiwa bado hajajua kukaa. Mtaalamu anasema mapema ni bora kuliko baadaye. Miezi hiyo uliyoificha hairudi, na ndiyo ninayokukasirikia. Kitanda nimekisamehe. Ukimya wako bado.

Kwako hatarudi kulelewa, na usimtume shangazi wala mjomba kuniomba. Lakini daktari anauliza ile ngumi ilianza lini, na ilikuwaje mwanzoni, kama mtoto aliwahi kuufungua mkono ule hata kidogo kisha akaacha. Mimi sijui. Nilikuwa kazini. Katika dunia nzima ni wewe peke yako unayejua. Tunakwenda kila Jumatatu asubuhi, jengo la nyuma, chumba chenye mikeka. Njoo ukae kwenye benchi, umweleze kwa mdomo wako mwenyewe kila ulichokiona, bila kupunguza. Usilete zawadi. Nikikutazama vibaya, nitazame vibaya nawe, lakini usiondoke kabla hujamaliza kusema.

Baba Kibonge anakusalimu kwa moyo, mimi nakusalimu kwa kalamu. Kibonge akisikia jina lako likitajwa hugeuka kutazama mlango; sijamfundisha, na sijui nimfanyeje. Msalimu mshonaji, na usimgombeze. Kula.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kibonge